Mwenye Jina Hajamshika

Jumanne, Julai 8

Kuku wamekula. Nguo nilizofua jana bado zinatona maji kambani. Jua halijaonekana tangu Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya mtaa wetu wa Kamenu tu, hauendi mbele wala nyuma. Magoti yanauma, lakini hiyo si habari mpya.

Njoki, binti yangu, amepiga simu. Wametoka hospitalini, yeye na mtoto, wako kwao Kiuu. Mtoto wa kike. Amekuja karibu mwezi mzima kabla ya wakati wake. Kamau, mume wa Njoki, anasema mtoto anatosha kwenye mkono wake kutoka kiganja hadi kiwiko. Ananyonya polepole. Anapumua vizuri.

Ni msichana wa pili. Wa kwanza alichukua jina la mama yake Kamau, ndivyo desturi yetu; wa pili huchukua la mama wa mke. Huyu ni wangu. Wambui. Nimeliandika jina hili ubaoni kila muhula wa kwanza kwa miaka yote niliyofundisha, na leo nimeliandika hapa likaonekana jipya. Nimefurahi. Sina neno kubwa zaidi.

Mama Kamau naye amepiga, kutoka Gatuanyaga. Kikundi chake cha wamama kitakwenda kumwona mtoto Jumamosi ya tarehe 19. Siku hiyo ina mpangilio wake. Wanawake huja na uji uliochachishwa. Mtoto hukabidhiwa kwanza mwenye jina, naye humshika mbele ya wote na kumwombea. Kisha humpitisha kwa wengine, mkono kwa mkono, mpaka kila mmoja amembusu. Uji nao huzunguka, kibuyu kimoja. Mwisho mzee wa siku hubariki kwa mate: mnyunyizo mdogo kwenye viganja vya mtoto. Nilibarikiwa hivyo. Njoki pia.

Nimekaa na chai yangu nikiwaza midomo yote hiyo.

Najieleza mwenyewe, kwa sababu nikieleza huwa natulia. Mtoto aliye tumboni hupokea kinga kutoka kwa damu ya mama, na sehemu kubwa hupita katika wiki za mwisho. Anayezaliwa mapema huondoka kabla mzigo wake haujafungwa. Njia zake za hewa ni nyembamba sana. Uvimbe mdogo tu huziba. Chanjo ya mafua hapewi kabla hajafika miezi sita. Kwa hiyo kinga yake ni maziwa ya mama na akili ya watu wanaomzunguka.

Na huu ni mwezi wa saba. Kila mtu anakohoa.

Jumatano, Julai 9

Nimekwenda Kiuu. Nyumba yao ni ya kupanga: vyumba viwili, vinatazamana na vya majirani, katikati ua wa saruji wenye bomba la maji. Nimekuta dirisha limefungwa, blanketi limesukumwa chini ya mlango, jiko la makaa limewaka ndani. Hewa nzito. Nimelitoa jiko kwanza, maana moshi wa makaa usioonekana unaua mtu akiwa usingizini. Kisha nikafungua dirisha.

"Mami, baridi itampiga mtoto!"

Nikamweleza Njoki hivi. Mvike kofia na soksi, mfunike, mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi. Hilo ndilo joto lake. Baridi yenyewe haizai homa. Homa inaletwa na kirusi kinachotoka kwa mtu. Baridi inatufungia tu madirisha na kutusonganisha chumba kimoja, tunavuta pumzi iliyokwisha kuvutwa na mwingine. Kwa hiyo dirisha liwe wazi, mtoto akae mbali na upepo.

Alinisikiliza kama alivyonisikiliza akiwa kidato cha pili. Yaani kwa jicho moja.

Sikumshika mtoto. Nilikuwa nimetoka stejini, kwenye matatu, nimeshika vyuma na noti na mikono ya watu. Ningeweza kunawa, na nilinawa. Lakini nilitaka siku yangu. Mwenye jina hushika siku ya uji. Nilisimama nikamtazama amelala, mdomo ukinyonya hewa.

Kabi alikuwa juu ya kitanda akinionyesha dada yake. Huyu ndiye wa kwanza; jina lake kamili ni Nyokabi, na miaka yake minne anaitumia yote. "Cucu, huyu mtoto hana meno hata moja," aliniambia mimi bibi yake. "Mrudishe."

Ijumaa, Julai 11

Nimeharibu.

Nilikwenda Gatuanyaga kuzungumza na Mama Kamau. Vumbi, ingawa ni baridi. Alinipokea vizuri sana. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akaleta chai ya maziwa ya mbuzi. Kibuyu cha uji kilikuwa kimeoshwa, kimeinamishwa juani, ingawa jua lenyewe halikuwepo.

Nikaanza kueleza. Nilichukua kijiti nikachora kirusi kwenye udongo: mviringo, na miiba pande zote. Nikasema mtu huanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla ya kujisikia mgonjwa, kwa hiyo mwanamke anayejiona mzima kabisa anaweza kumbusu mtoto na kumwachia homa. Nikasema juu ya kibuyu kimoja. Nikasema juu ya mate. Nilisema vizuri. Nilikuwa na mpangilio.

Alinisubiri nimalize.

"Mwalimu, mimi nimezaa watoto saba. Wote walitemewa mate. Ni nani uliyesikia amekufa na mate?"

Nikajibu: "Hamkuhesabu waliokufa na kitu ambacho hamkukijua."

Mbuzi mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya zizi, na nilimsikia vizuri sana. Ndipo nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mmoja wa hao saba hakufikisha mwaka. Njoki alinidokezea zamani. Mama Kamau mwenyewe hajawahi kulitaja.

"Kunywa chai, Mwalimu. Inapoa."

Nikainywa. Hatukuongea tena isipokuwa habari za mvua. Alinisindikiza hadi barabarani kama heshima inavyotaka. Hakunitazama.

Nilichosema ni kweli. Na nilikisema kwa ubaya. Havifutani.

Jumapili, Julai 13

Kanisani madirisha yote yamefungwa. Kikohozi mbele, kikohozi nyuma. Mhubiri akasema tusalimiane na jirani. Niliweka mkono kifuani nikainama. Jirani yangu alidhani nimeokoka upya.

Mchana Njoki akapiga. Kabi anachemka. Alitoka shule ya chekechea Ijumaa akiwa mzima, jana alilala mchana bila kulazimishwa, leo anasema nywele zinamuuma. Nywele! Hayo si mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida huja polepole: pua, chafya, koo, mtu anaendelea na kazi zake. Homa ya mafua yenyewe, ile kali, huja kwa ghafla. Mwili wote unauma. Mtu anajua saa aliyoanguka.

Nyumba ya vyumba viwili, na mtoto mchanga ndani. Nikasema ninamchukua Kabi aje kwangu.

Nilikuwa na barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona, kwenye droo ya vitambaa. Nilivaa moja, nikamvika Kabi moja. Sikuingia ndani. Nilimpokea mlangoni, begi lake mgongoni. Nilimwambia Njoki atazame mtoto kwa makini, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, na asiache kunyonyesha hata akihisi vibaya. Avae barakoa tu, maana maziwa hayapitishi homa hii bali hupitisha kinga. Kamau naye anawe mikono kila akitoka kazini, kabla ya yote.

Kabi njiani: "Cucu, mbona tumefungwa mdomo?"

"Ili homa yako isitoroke."

Akafikiri. "Na yako?"

"Mimi sina."

"Basi toa."

Jumatatu, Julai 14

Kabi ana moto. Macho yanang'aa vibaya. Hataki chai, hataki ndizi, anataka mama yake. Nimempa paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini mtoto hapewi. Maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Nilipokwenda duka la dawa, kijana wa kaunta, ambaye kwake kila bibi ni shosho, aliniletea kapsuli za rangi mbili.

"Chukua hizi shosho, hizi zinamaliza kila kitu."

"Zinamaliza bakteria. Hiki ni kirusi. Hakizijui."

"Haya, shosho daktari." Lakini alicheka vizuri, na alizirudisha kabatini.

Ningekuwa na darasa leo ningewaambia hivi. Kirusi si kiumbe kamili. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni maagizo tu, yaliyofungwa ndani ya ganda jembamba la mafuta. Fikiria mgeni anaingia jikoni kwako bila unga, bila sufuria, bila kuni. Ana karatasi ya mapishi tu. Anatumia moto wako na unga wako kupika nakala zake mwenyewe, mpaka jiko linavunjika, na nakala zinatoka kutafuta jikoni kwa jirani. Dawa za bakteria huharibu sufuria za bakteria. Huyu hana sufuria. Lakini lile ganda la mafuta ndilo udhaifu wake. Sabuni inavyoondoa mafuta ya kukaangia kwenye sahani ndivyo inavyolivunja. Kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha. Hakuna uchawi.

Sina darasa. Kabi amelala, na kuku hawajali.

Alipoamka alilia kwa kuniona. Barakoa ilimtisha, alidhani yuko hospitalini. Niliivua aone uso wangu. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanisogelea kunihakikisha, akapiga chafya.

Nimenawa uso. Nimecheka. Najua nilichokifanya.

Jumanne, Julai 15

Kabi amekula mayai mawili na kumfukuza jogoo. Watoto hawa.

Mimi koo. Kama nimemeza pumba.

Jumatano, Julai 16

Homa. Mifupa yote. Hata nywele, Kabi alisema kweli.

Jirani yangu wa ng'ambo ya ua ameacha chakula mlangoni, akagonga, akaondoka kabla sijafungua, kama nilivyomwomba. Kabi ananiletea maji. Ananiwekea mkono wa baridi kwenye paji la uso na kusema "pole mgonjwa". Yeye sasa kirusi hiki kimeshamjua, hakimtishi. Mimi ndiye wa kuogopewa. Kwa umri wangu homa hii inaweza kushuka mapafuni. Nimemwambia Njoki kwa simu: pumzi ikinikata, au nikianza kusema mambo yasiyo na maana, Kamau aje na gari.

"Mami, mambo yasiyo na maana tutayajuaje?"

Ana ucheshi wa baba yake, Mungu amrehemu.

Jumamosi ni tarehe 19. Sitakwenda. Nimelala nikiitazama dari na jambo hili moja. Nilipanga kusimama mlangoni pale Kiuu kama askari: nawa hapa, kaa pale, usibusu. Sasa mlango hauna mtu.

Alhamisi, Julai 17

Naandika kidogo kidogo.

Asubuhi Njoki amepiga analia. Mtoto amekataa kunyonya. Anashika titi, anaacha, anageuza kichwa. Nikamuuliza: anapumua haraka? Kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa? Midomo ina rangi gani? Ni wa moto, au wa baridi kuliko kawaida? Analegea ukimwinua?

Hakuwa na hakika. Mama mwenye hofu hawezi kuwa na hakika. Nikamwambia aende hospitali, sasa, asingoje Kamau atoke kazini. Kwa mtoto wa umri huu kukataa kunyonya peke yake kunatosha. Hatungoji dalili ya pili.

Wameenda.

Simu iko kwenye mto. Kabi anachora ukutani kwa mkaa na sina nguvu ya kumkataza.

Naogopa. Nimejua majina ya mambo haya yote maisha yangu yote, na kujua hakunisaidii kulala.

Baadaye. Bado wako kwenye foleni ya kumwona daktari.

Baadaye tena. Daktari amemchukua. Basi.

Ijumaa, Julai 18

Kifua cha mtoto ni safi. Pua ndiyo ilikuwa imeziba. Mtoto mchanga hupumua kwa pua. Ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, kwa hiyo anaacha titi ili avute hewa. Walimsafisha kwa matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, wakamtazama hadi jioni, akanyonya mpaka akalala. Hana homa. Wamerudi nyumbani. Wameambiwa wasimpeleke penye watu, na warudi mara moja akibadilika.

Nimemshukuru Mungu nikiwa nimelala, maana kupiga magoti leo siwezi.

Kisha nikakaa na simu mkononi. Wasimpeleke penye watu. Na kesho watu wanakuja kwake. Kamau alimwomba mama yake waahirishe. Alikataa. Uji umechacha tangu Jumanne, hauwezi kungoja, gari limeshaagizwa, mtoto asiyeonwa na wanawake wa kwao ni kama hajafika. Njoki ni mke wa mwanawe, hawezi kumfungia mlango. Na mimi, baada ya Ijumaa ile, nina mdomo gani?

Nilimpigia Mama Kamau. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, kama ya mzee wa kiume.

Nilianza na kosa. Nikamwambia: neno nililosema kwako nyumbani kwako halikuwa neno la kusemwa.

Nikasikia akivuta stuli. Akakaa.

"Aliitwa Mwangi," akasema. "Ilikuwa baridi kama hii. Alikohoa, na sisi tukamfunika kila blanketi tulilokuwa nalo, tukafunga nyumba. Watu wakaja kutupa pole, wakajaa mle ndani. Tulidhani ni baridi."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo yote, tayari kwenye ulimi. Niliyaacha hapo.

Nikasema: "Pole sana, Mama Kamau."

Kisha nikamwambia habari yangu. Mimi ni mgonjwa. Niliyemtoa Kabi kwa mtoto ndiye niliyebaki na homa. Kesho sitakuja. Sitamshika.

"Hutakuja? Na mwenye jina ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nani atamshika kwanza?"

"Sijui. Wewe ndiwe mkubwa wa siku. Mimi nimeweka mikono yangu chini."

Akaguna. Ule mguno wa wanawake wa kwetu, ambao unaweza kuwa ndiyo, hapana, au ngoja nifikiri. Akaniambia ninywe maji ya moto na ndimu. Akakata.

Sijui itakuwaje kesho. Nimefanya kilichobaki.

Jumamosi, Julai 19

Homa imeshuka kidogo. Nimekaa kitandani na shuka mbili tangu asubuhi. Kabi ameniuliza mara kadhaa kwa nini natazama simu na haiimbi.

Saa nane ikaimba. Kamau kwanza, akicheka hadi hawezi kuanza. Njoki akamnyang'anya. Nimekusanya maneno ya wote wawili, na naandika yote nisije nikasahau hata kidogo.

Gari lilifika wanawake wakiimba. Mmoja wao alikuwa anakohoa tangu Gatuanyaga, Kamau alimsikia kabla hajashuka. Walikuja moja kwa moja hadi mlangoni, mikono mbele, wameshaanza kumwita mtoto kwa jina. Mama Kamau aliwapita wote. Akafika kwenye kizingiti, akageuka, akakaa hapo na kibuyu chake kifuani. Ni mama mpana. Mlango ulijaa.

Akasema: "Mwenye jina hajamshika."

Mikono yao ikasimama hewani.

"Mwalimu ni mgonjwa, yuko kwake Kamenu. Hajamshika. Sasa nani hapa anataka kumtangulia?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si wewe ni nyanya yake? Mshike wewe, utuanzishie."

"Mimi jina langu lilichukuliwa na yule wa kwanza. Huyu si wangu kumwanza. Ukitaka wewe umwanze, ingia. Halafu umwambie Mwalimu mwenyewe."

Mwingine akasema eti hata yeye aliwahi kufundishwa na mimi, na bado ananiogopa. Wakacheka. Hapo ndipo, anasema Kamau, miguu yao ilirudi nyuma.

Uji waliunywa uani, kwenye saruji, chini ya anga. Mama Kamau akamwagiza Njoki vikombe. Havikutosha, majirani wakatoa vyao, kila kimoja na rangi yake. Mama mmoja alipewa kile cha plastiki cha Kabi chenye sungura na akakataa kukirudisha kabla hajaongezwa. Kibuyu hakikufika mdomoni kwa mtu. Kilimimina tu. Aliwaeleza nini? Njoki anasema hakueleza kitu. Alisema tu, "Leo ni kikombe kwa kikombe," kana kwamba ndivyo imekuwa tangu zamani.

Kisha Njoki akasimama dirishani na mtoto. Dirisha wazi. Wao kule bombani, yeye huku ndani. Akamfunua uso wakamwona. Wakapiga vigelegele hadi mtoto akashtuka na kulia, wakafurahi zaidi, maana ana sauti.

Na baraka. Njoki alikuwa anaisubiri kwa woga. Mama Kamau alitoka pale kizingitini, akasimama katikati ya ua, akamtazama mtoto kwa mbali. Akajitemea kifuani mwake mwenyewe, mnyunyizo mdogo, mara moja kisha tena. Nilikuwa nimesahau kwamba hiyo ipo. Alifanya hivyo siku Njoki alipoolewa, mbele ya watu wote. Ni baraka ileile. Ni ya kubariki anayekwenda mbali, asiyefikika kwa mkono.

Nimelia kidogo. Homa pia huleta machozi, lakini haya yalikuwa yangu.

Jumatatu, Julai 21

Sina moto tangu jana. Kikohozi kimebaki, kikavu, kitakaa. Mtu mzima huacha kuambukiza baada ya wiki moja hivi tangu aanze kuugua, mradi homa imeisha bila dawa. Wazee huchukua muda zaidi. Nitangoja zaidi ya inavyotakiwa. Kabi amerudi kwao. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na ukutani kuna kuku wa mkaa mwenye miguu sita. Simfuti.

Mambo ya kukumbuka kabla ya baridi ya mwaka ujao. Nichanjwe mapema. Chanjo ya mwaka huu haitoshi mwakani, kwa sababu kirusi hubadilisha vazi lake na askari wa mwili hawakitambui tena. Haizuii kila homa, ila huifanya isiue kirahisi. Njoki angeweza kuchanjwa akiwa mjamzito na kumpitishia mtoto kinga. Hilo nililijua, na sikuwahi kumwambia. Nilianza kwa watu wa mbali, na kijiti na udongo, nikamruka binti yangu.

Mama Kamau amepiga kuniuliza hali. Tumezungumza muda mrefu, kuhusu mbuzi, na kuhusu Mwangi.

Jumamosi, Agosti 2

Jua, hatimaye. Nimeanika mablanketi yote kabla ya kutoka.

Nilifika Kiuu nikanawa bombani kwa sabuni, polepole, hadi kwenye viwiko. Mama Kamau alikuwa amefika, amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Naye mikono yake ilikuwa bado mibichi.

"Umechelewa, mwenye jina."

Ndani dirisha lilikuwa wazi. Njoki akaniletea mtoto. Amenenepa, shingo imeanza kupata mikunjo. Nikampokea. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto ule mzuri, wa mtu mwenye afya. Alifungua macho akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Nilikuwa nimeandaa maombi. Yalitoka mafupi. Sikueleza chochote.

Kisha nikageuka nikampitisha kwa Mama Kamau, kama mpangilio unavyotaka. Mkono kwa mkono.